Mji Ulioachwa na Bahari

Sisi watu wa visiwani tumezoea kudhani kuwa bahari haina pa kwenda. Mji wa Rye, kusini-mashariki mwa Uingereza, ulinifunza vinginevyo. Nilikwenda huko kwa treni kutoka London, safari ya kutwa, katika majira ya mapukutiko, majani yakiwa na rangi ya kutu na jua liking'aa bila ya joto.

Zamani Rye ilikuwa bandari. Mwaka 1377 Wafaransa waliichoma moto, ikajengwa upya. Lakini tope na mchanga viliuziba mlango wake taratibu, na leo ufukwe uko umbali wa kilomita tatu hivi. Palipopita merikebu sasa hulishwa kondoo. Jirani yake, Winchelsea ya kale, ilifikwa na kinyume chake: mwaka 1287 ilizamishwa na tufani.

Hata hivyo, katika Mermaid Street nyumba kongwe zingali zimesimama, mbao zikipakwa rangi, vigae vikibadilishwa. Wenyeji waliokosa bahari hawakuukosa mji.

Nikauwaza Mji Mkongwe wetu. Bahari ingali miguuni petu, na tangu mwaka 2000 tumo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafa. Sifa haizibi ufa. Mji hudumishwa na fundi, chokaa na boriti, mwaka hata mwaka. Bahari ingetuacha, tungekuwa na udhuru. Maadamu ipo, udhuru wetu ni upi?