Oili Iliyopotea Njiani Bukiriro

Akina mama wenzetu, wilaya yetu ya Ngara ni nchi ya vilima. Tunapokwenda kata ya Bukiriro hatuna safari ya kunyooka: tunapanda, tunateremka hadi bondeni penye migomba na kijito, kisha tunapanda tena. Kiangazi vumbi jekundu huingia mpaka ndani ya kisanduku cha chanjo. Masika udongo ule ule huwa utelezi, na gari hutembea ubavu kama kaa. Lakini asubuhi, ukungu unapoondoka juu ya mashamba ya kahawa na mikaratusi, ukawaona wanawake wakishuka kwa mstari na watoto mgongoni wakikimbilia kliniki, unasahau mgongo unavyouma. Wanazungumza Kihangaza, lugha ambayo jirani wa ng'ambo, kule Burundi, anaielewa bila mkalimani.

Sisi ni wauguzi wawili na akina mama wanne wa kujitolea kutoka kanisani. Mara moja au mbili kwa mwezi tunakwenda Bukiriro na kliniki ya mkoba: kupima watoto uzito, kuchanja, kuwaona wajawazito, na kuzungumza na akina mama habari za lishe. Tunatumia gari la kanisa, Toyota Hilux ya petroli yenye umri mkubwa kuliko wa baadhi ya mama tunaowahudumia. Habari tunayotaka kuwasimulia ni ya gari hilo. Msifunge ukurasa mkidhani ni mambo ya wanaume. Nyumba ngapi siku hizi zina gari au pikipiki ya biashara, na mama ndiye anayeulizwa fedha za oili?

Ilianza kwa risiti. Mweka hazina wetu, mama makini sana, alizipanga mezani siku ya kikao. Tangu gari limwagwe oili na kuwekewa mpya hadi lilipofikisha kilomita 5,000 na kurudi kwa fundi, tulikuwa tumenunua lita nane za kuongezea. Akauliza swali ambalo lilitunyamazisha wote: injini inabeba lita tano hivi. Hizi nane zimekwenda wapi?

Gari halikuwa likidondosha. Tulikwisha kutandaza maboksi yaliyokunjuliwa chini ya injini usiku kucha, na asubuhi yalikuwa makavu. Basi kama oili haimwagiki na haibaki ndani, mtu anaiuza. Hakuna aliyelisema neno hilo kwa sauti kikaoni. Lilisemwa njiani, wawili wawili, tukirudi majumbani. Dereva wetu, baba wa watoto watano, mtu wa maneno machache, ndiye aliyeshika ufunguo na ndiye aliyekuja kila mara kuomba lita nyingine. Mkewe anaimba nasi kwaya.

Aliitwa mbele ya kamati. Alijibu sentensi moja tu: "Mabibi na mababa, gari linakula oili, tena likienda milimani linakula zaidi." Tuliona ni jibu la mwizi. Gari lingejuaje mlima? Akaambiwa apumzike kwanza, na ufunguo ukapewa kijana mmoja wa kujitolea. Mkewe aliacha kuja mazoezini. Nasi, tunakiri, hatukwenda kumtazama.

Kijana yule aliendesha vizuri, lakini alikuwa na kasoro moja, nayo ni tuliyomfundisha wenyewe. Kwa kuwa oili ilikuwa imeleta maneno, hakutaka kuiomba. Na kwa kuwa hakutaka kuiomba, hakufungua boneti.

Siku ile tulikuwa tumemaliza kliniki Bukiriro. Tulikuwa tukifunga mizani wakaja watu na mama katika machela, uzazi wake wa kwanza, uchungu tangu usiku uliotangulia na mtoto hashuki. Kwa muuguzi hakuna la kujadili hapo. Tulimpandisha, tukawasha gari. Kwenye mlima wa pili taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili ikaanza kuwaka na kuzimika. Kijana akasema itazimika tukifika juu. Kweli, tulipofika juu ikazimika. Kwenye mlima wa tatu ikawaka moja kwa moja, na injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga mlango kwa jiwe.

Alizima. Akachomoa kile kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kilitoka kikavu.

Hatutaki kuwaelezeni zile dakika arobaini. Mmoja wetu alishika mkono wa mama, mwingine alisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, wengine walisimama barabarani. Mungu alituletea lori la ndizi. Wachuuzi waliokuwa juu ya mikungu walishuka wenyewe bila kuombwa mara mbili, wakatandika majani ya migomba, na mama akafikishwa hospitali, akapasuliwa. Mtoto wa kike alitoka amechoka lakini alilia. Wote wawili wapo hai. Lakini ndugu msomaji, ilikuwa karibu sana.

Usiku ule mweka hazina alikuwa wa kwanza kusema: "Tuliyapima maneno, oili hatukuipima." Ilituchoma, hasa sisi wauguzi. Wodi ya wazazi imetufundisha tusikadirie damu kwa macho. Mama akishatokwa na nusu lita baada ya kujifungua, hiyo tayari ni hatari, na macho ya binadamu huwa yanaona pungufu ya kilichomwagika. Ndiyo maana tunapima na kuandika saa. Mgonjwa anayewekewa maji ana karatasi yake ya kuingia na kutoka. Gari linalobeba wagonjwa hao halikuwa na karatasi yoyote.

Injini, kwa bahati, ilikuwa haijafa. Fundi aliyeiangalia ni mzee anayesema kuwa alishika spana mara ya kwanza wakati wa wakimbizi. Wengine wetu tulikuwa watoto wa shule ya msingi wakati huo, mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakajaa Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Magari ya misaada yalikuja mengi, na vijana wengi wa hapa walipata kazi chini ya magari hayo. Mzee huyu hakutucheka. Alisema kila injini hula oili kidogo, hata mpya, kwa sababu pistoni haiwezi kupanda na kushuka bila utando wa oili, na sehemu ya utando huo huungua. Vitabu vya watengenezaji wengine wakubwa huhesabu hata lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa ndani ya mpaka. Kwa hiyo kuongeza oili kati ya kumwaga na kumwaga si ajabu wala si wizi. Cha kujua ni kiasi gani, na kama kiasi hicho kinaongezeka.

Akatuagiza daftari. Kupima ni asubuhi, gari likiwa mahali pa tambarare na injini imepoa. Likiwa limetoka safarini, lizimwe kwanza na kusubiriwa dakika kadhaa ili oili ishuke chini. Kijiti kifutwe, kirudishwe hadi mwisho, ndipo kisomwe. Chini ya alama ya chini, usiwashe. Juu ya alama ya juu, nako usifurahi: oili ikizidi hupigwapigwa na mashine hadi ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Alituonya pia juu ya ile taa nyekundu. Wengi tunadhani inawaka kuomba oili. Sivyo. Inawaka kwa sababu msukumo wa oili umekwisha, na hapo chuma kinasagana na chuma. Mlimani huwaka mapema kwa sababu oili kidogo iliyobaki hukimbilia nyuma na kuiacha pampu ikinyonya hewa. Anayeiona azime pale pale. Angekuwapo mtu wa kutuambia hivyo kwenye ule mlima wa pili!

Tuliandika kwa miezi miwili. Safari za Bukiriro zilipofika kilomita 300 kwa jumla, tulikuwa tumeongeza zaidi ya nusu lita. Kisha tukawa na mkutano wa akina mama Biharamulo. Safari hiyo, kwenda na kurudi, nayo ni kilomita 300 hivi: unateremka hadi njia panda ya Benaco, unashika lami mpaka Lusahunga, halafu unaingia upande wa Biharamulo penye boma la zamani la Wajerumani. Mapori ya huko yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Zamani magari yalisubiriana na kusindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi, na wazee wetu walisali kabla ya kuingia porini. Sisi tulipita tukiimba. Tuliporudi Ngara tukapima asubuhi, na oili ilikuwa imepungua upana wa ukucha.

Gari lile lile, oili ile ile, kilomita zile zile. Mweka hazina aliweka kalamu chini, akasema kwa sauti ndogo, "Basi gari linaujua mlima."

Fundi alitueleza linavyoujua. Kwenye mteremko mrefu dereva mwenye akili haendi na breki tupu, anaweka gia nzito na kuachia mafuta. Injini ya petroli ikifanya hivyo inabanwa pumzi, na ndani yake kunakuwa na mvuto mkali, kama mtoto anayenyonya mrija uliozibwa. Juu ya injini kuna valvu, na kila valvu imevishwa sili ndogo ya mpira izuiayo oili isipenye. Mpira ukizeeka hukakamaa, na mvuto ule huivuta oili ikapita, ikaenda kuungua. Akatupeleka kwenye mteremko, akamwambia mmoja wetu asimame bondeni. Gari lilishuka likivutwa na gia, na dereva alipokanyaga mafuta kuanza kupanda, ukatoka mkupuo wa moshi wa bluu, kisha ukatulia. Tulikuwa tumeuona moshi ule mamia ya mara tukadhani ni vumbi. Mweusi, alisema, ni mafuta yanayozidi. Mweupe usiokoma ni maji yanayoingia ndani. Wa bluu ni oili. Ukitoka wakati wote tena injini imepoteza nguvu, mara nyingi ni ringi za pistoni, na hapo tayarisha fedha. Ukitoka baada ya mteremko, tazama sili kwanza.

Zilikuwa sili. Vipira vyenyewe vyote vilitosha katika kiganja kimoja. Tangu zibadilishwe tunaongeza kidogo sana, na daftari linaendelea.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko injini. Tulikwenda nyumbani kwa dereva sote sita, jioni, bila mjumbe. Mkewe alitukaribisha viti, akatupa uji, hakutusaidia kuanza. Mweka hazina ndiye aliyeomba msamaha, na alitaja kosa kwa jina lake: tulisema wewe ni mwizi, nawe ulituambia kweli. Yeye alitazama chini muda mrefu. Alisema watoto wake walisikia shuleni. Kisha akasema atarudi, kwa sababu ya wale wa Bukiriro, lakini kwa sharti.

Amerudi. Mkewe naye yumo kwaya, ingawa amehamia mstari wa nyuma. Na sharti tunalitimiza. Kila asubuhi ya kliniki tunamkuta amekwisha kufungua boneti, hajagusa kitu, kitambaa safi kimewekwa juu ya betri. Anasimama pembeni mikono nyuma. "Pimeni ninyi, mama," anasema, "halafu mtie sahihi." Tunachomoa kijiti, tunafuta, tunarudisha, tunachomoa tena, tunasoma. Mmoja wetu anaandika tarehe, kilomita na kipimo, anatia sahihi. Yeye hulisoma daftari mwenyewe mpaka mwisho wa mstari, ndipo anapowasha gari.