Nafsi Kabla ya Mali



Kwa miaka mingi tulilisifu gari letu kuukuu kwa mambo mawili: bodi yake ngumu, na spea zake zapatikana kwa kila fundi wa Mombasa. Siku moja, njia ya Mtwapa, tukagongana na gari jipya. Letu lilikwaruzika bampa tu. La mwenzetu lilikunjika boneti lote, naye akashuka mzima. Kugeuka nyuma, tukamwona mama watoto ameshika bega. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Mkanda wake ulikuwepo, lakini sisi wenyewe tuliufukia chini ya vitambaa tulivyotandika ili viti visichakae.

Baadaye tulisoma habari za jaribio lililofanywa Marekani mwaka 2009. Taasisi ya IIHS, inayopima usalama wa magari, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, kila moja ikienda takriban kilomita 64 kwa saa. Chuma cha kale hakikufaa kitu: chumba cha dereva kilibomoka, na sanamu iliyoketishwa humo ikaonyesha kwamba mtu angekufa. Dereva wa Malibu angeumia mguu kidogo. Gari la kisasa huundwa likunjike mbele, kishindo kiishie katika bati, na chumba cha abiria kibaki imara.

Tuliona haya. Miaka yote tumefundisha kwamba sheria huhifadhi nafsi kabla ya mali. Tulipofika yadini tukaugeuza mpango huo. Usalama, ugumu wa bodi na wepesi wa matengenezo si alama za mtihani wa madrasa, za kujumlishwa ili moja ifidie nyingine.

Basi tuliponunua gari jingine tulianza na mikanda ya kila kiti, mifuko ya hewa na breki. Tukasoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi, zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa. Bodi na bei ya spea tuliziuliza mwisho.

Enyi mama zetu na dada zetu, mkiitwa kutazama gari, msiishie kwenye rangi. Ketini nyuma, mvute mkanda. Mama watoto sasa haturuhusu kuondoka mpaka asikie kila mkanda umelia, ndipo husema, “Haya, Bismillahi.”