Pedali Iliyonasa

Kati ya kosa na mkosaji ipo njia ndefu, lakini ulimi huivuka kwa hatua moja. Nimefundisha lugha kwa miaka mingi, na katika muda huo nimewaonya wanafunzi wangu mara kwa mara wasimhukumu mnukuzi wa kale kabla ya kuujua mwandiko wake. Mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu humpotosha msomaji wa haraka: aghalabu herufi moja hubeba sauti ya b na ya p, na alama moja ya irabu huweza kusomwa i au e. Msomaji asiyeijua desturi hiyo husema mnukuzi alikuwa mjinga, kumbe ujinga umo katika macho yake mwenyewe. Somo hilo nililitoa kwa chaki. Nilikuja kulipokea kwa spana, chini ya mti, pembeni ya mji wa Bariadi.

Mdogo wangu anayenifuata kuzaliwa ana gari la Kijapani la kwenda mbio, lenye tabo na gia za mkono. Tangu utoto alipenda habari za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na shujaa wake alikuwa Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Mimi nilimpenda ndugu yangu, lakini gari lake sikulipenda. Kila nilipousikia mngurumo wake nilisikia fedha ikiungua. Mtu akishaamua kwamba fulani ni mharibifu, hata kikohozi cha fulani huonekana kuwa uharibifu.

Baba yetu alikuwa amefariki, na wazee wa ukoo walituita Bariadi baada ya mavuno ya pamba ili waamue nani atakayesimamia mashamba na ng'ombe. Mimi ndiye mkubwa, walakini kazi yangu iko mbali, na ilijulikana kwamba wazee walielekea kumkabidhi mdogo wangu. Nilikwisha kuyapanga maneno yangu ya kupinga. Nilikusudia kusema kwamba mtu asiyeweza kutunza gari hataweza kutunza mifugo. Na ushahidi nilikuwa nao, kwa maana majuma matatu yaliyotangulia pedali ya klachi ya gari lile ilikuwa imeanza kunasa.

Tuliondoka Mwanza alfajiri kwa gari hilohilo, tukapita Magu, na pale Lamadi tukakata kulia kuingia njia ya Bariadi. Nchi ni wazi, upeo ni mpana, na malori ya pamba yalikuwa yakipishana nasi. Mkoa huu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, lakini pamba yake ni ya zamani kuliko jina lake. Tulipokaribia mji pedali ilishuka isirudi. Ndugu yangu aliinyanyua kwa kidole cha mguu, ikashuka tena ikabaki chini. Akaingiza gia kwa kuusikiliza mwendo wa injini, bila ya klachi, na kwa namna hiyo akatufikisha mpaka kwa fundi mmoja mzee aliyefanya kazi chini ya mti. Ustadi ule niliuona, lakini sikuuhesabu.

Tulimwamkia mzee, "Mwangaluka," naye akaitika. Kabla ndugu yangu hajafungua kinywa nilisema, "Klachi imeungua, mzee. Kijana huyu huendesha kama mtu anayefukuzwa."

Mzee alinitazama kwa upole. "Mwanangu, sijauliza nani kafanya. Nauliza pedali inafanya nini."

Swali hilo lilinifunga mdomo, maana sikuwa na jibu. Nilijua tabia ya ndugu yangu. Tabia ya pedali sikuijua.

Fundi alianza mahali ambapo mimi ningeona haya kuanza: alitoa zulia la sakafuni, akahakikisha kwamba halishiki pedali. Kisha akazima injini, akakanyaga. Pedali ikanasa vilevile. Akamwambia kijana aliyekuwa akijifunza kwake kwamba hapo wamekwisha kupata faida kubwa. Katika magari ya mbio, alisema, presha pleti huwa ngumu, na ziko klachi ambazo hunasa pale tu injini inapozunguka kwa kasi sana. Lakini hii hunasa injini ikiwa kimya. Basi ugonjwa haumo katika vitu vinavyozunguka.

Ndugu yangu alidhani ni joto la tabo, ambalo huenda linachemsha oili katika bomba la klachi. Wazo hilo halikuwa la kipuuzi. Oili ya breki, ambayo ndiyo hutumika pia katika klachi ya namna hii, hunywa unyevu wa hewa kadiri inavyokaa. Na nilipokuja kusoma niliona kwamba kwa kipimo cha DOT 4 oili mpya haipaswi kuchemka chini ya digrii 230 za Selsiasi, lakini ikisha kunywa maji huruhusiwa kushuka mpaka 155. Ikichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea, hata pedali ikakosa nguvu ya kurudi. Fundi hakumkatalia. Alisema tu, "Tungoje." Akafungua boneti, tukakaa kivulini zaidi ya saa nzima. Injini ilipopoa akakanyaga tena, na pedali ikanasa kama kwanza. Joto likaachiliwa huru, kama mshtakiwa aliyepata shahidi.

Sasa alilala chali chini ya usukani, akaitenga pedali na fimbo inayosukuma masta ya juu. Pedali ikiwa peke yake ilicheza vizuri na springi yake ikairudisha. Kwa hiyo bawaba na springi nazo zikatoka katika kesi. Alipoisukuma fimbo ya masta kwa mkono, ilikwenda ndani kwa uzito na haikutaka kurudi. "Umo humu," akasema.

Walakini hata hapo hakusema neno la mwisho. Alifungua kifuniko cha kikombe cha oili ya klachi, akautoa mpira uliomo ndani ya kifuniko. Mpira ulikuwa umevimba na kujikunja, haukuenea tena mahali pake. Aliutazama kwa muda. Kisha akamwomba kijana wake bilauri ya maji, akachovya kijiti ndani ya kikombe na kudondosha matone. Akatueleza kwamba oili ya breki ikiwa safi huchanganyika na maji isionekane. Haya matone yalielea, yakatanda juu ya maji kwa rangi nyekundu kidogo.

"Humu mmetiwa oili ya stiringi," alisema. "Mipira ya klachi haipatani nayo. Huvimba, ikajaza masta, pistoni ikashindwa kurudi. Nani alijaza kikombe hiki?"

"Mimi sijakijaza," alisema ndugu yangu, naye alisema kweli.

Msomaji, zipo nyakati ambazo kumbukumbu haiji kama wazo bali kama baridi tumboni. Mwezi mmoja na nusu kabla ya siku ile niliazima gari lile kwa juma moja. Asubuhi moja nilifungua boneti, nikaona oili ya kikombe kile imeshuka chini ya alama. Nami, nikijisifu moyoni kwamba mimi ni mwangalifu kuliko mwenye gari, nilikwenda stoo nikaleta kopo lililokuwa na mabaki ya oili ya stiringi nikamimina. Kwa akili yangu oili ilikuwa ni oili. Sikumwambia, kwa sababu nilihesabu kwamba nimemtendea wema.

Hapakuwa na mtu aliyenishuku. Fundi angeweza kuambiwa kwamba labda ni mtu aliyelihudumia gari zamani, na ndugu yangu angekubali. Maneno yangu ya barazani yangebaki mazima, ushahidi wangu ungebaki na sura yake. Sitadanganya kwamba sikuyawaza hayo. Niliyawaza yote, kwa muda ambao matone yale yalichukua kutanda juu ya bilauri.

"Ni mimi," nikasema.

Fundi alipangusa mikono yake kwa kitambaa. "Basi tumepata ugonjwa wote," alisema, akageuka kueleza dawa: oili yote imwagwe, bomba na masta zote mbili, ya juu na ya chini, zisafishwe kwa spiriti, na kila mpira ulioguswa na oili ile ubadilishwe, hata ule unaoonekana mzima. Mipira iliagizwa Mwanza ije kwa basi. Akaongeza kwamba tumshukuru Mungu kikombe cha klachi katika gari lile ni mbali na kile cha breki, kwa kuwa kosa hilohilo katika breki lingetuua njiani. Ndugu yangu hakunena. Alinipa tu kiti.

Jioni tulikwenda barazani kwa bodaboda. Nilipotakiwa kusema kama mkubwa, niliwasimulia wazee habari za pedali tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na maneno niliyokuwa nimeyaandaa. Wapo waliocheka, baba yetu mdogo hakucheka, aliniuliza tu kama nimemaliza. Mashamba na ng'ombe alikabidhiwa mdogo wangu, naye anayasimamia hata leo.

Tangu siku ile, mwanafunzi akiniletea insha mbovu, najizuia kuandika pembeni yake kwamba ni mvivu. Namwita, nampa kiti, nauliza sentensi inafanya nini. Mara nyingine uvivu upo kweli. Lakini mara nyingine naona somo nililolimimina mwenyewe, bila ya kusoma kibandiko cha kopo.

Ndugu yangu hajanilaumu kwa neno hata moja. Ila juu ya kifuniko cha kile kikombe ameandika kwa rangi nyeupe: OILI YA BREKI TU. Kila aninipo gari lake kwa safari naisoma sentensi hiyo, na katika kuifasiri sijapata kuhitaji kamusi.