Kusema mtihani ulikuwa mgumu haimaanishi umeanguka

Mtu akitoka katika mtihani, ndugu na jirani wanamuuliza swali moja: ilikuwa namna gani? Akijibu kwamba ilikuwa ngumu, au kama wanavyosema Goma, "ilikuwa nguvu", kila mmoja anajipatia jibu lake. Wazazi wengi wa Kivu wanajua hayo tangu Exetat. Mtoto akirudi na kusema items zilikuwa nguvu, mama anaanza kuhesabu minervali ya mwaka mwingine. Akisema zilikuwa nyepesi, poda inatafutwa mapema, na matokeo bado hayajatoka.

Kwa familia moja ya wahami wa Masisi, neno hilo limeleta mazungumzo marefu. Binti yao, mwenye miaka 29, alifanya mtihani wa fedha wa kimataifa huko Nairobi, mwezi wa nane 2025. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu ya usalama wa wazazi. Ana lisansi ya uchumi, na alikuwa akifanya kazi ya mikopo katika COOPEC moja ya Goma. M23 ilipoingia mjini mwishoni mwa mwezi wa kwanza, mabanki yalifunga milango na kazi yake ikasimama. Wazazi walibaki Goma katika nyumba ya watu waliowapokea. Yeye alipitia Gisenyi, akapanda basi la Kigali, kisha Kampala, mpaka Nairobi kwa shangazi yake.

Mtihani wenyewe unaitwa CFA. Ni cheti cha wachambuzi wa fedha, watu wanaopima kama kampuni ina afya, kama mkopo utalipwa, kama pesa ya pensheni imewekwa pahali pazuri. Kinatolewa na CFA Institute ya Marekani, na mtihani wa kwanza ulifanywa mwaka 1963. Kuna madaraja matatu, na kila daraja lina mtihani wake. Yeye alifanya daraja la kwanza.

Mwaka 2025, aliyejiandikisha kwa mara ya kwanza bila msaada wa masomo alilipa zaidi ya dola 1,300, hata kama alijiandikisha mapema. Kuna pia pasipoti, kwa sababu kituo cha mtihani kinaidai mlangoni. Katika familia hii, pesa hiyo ilitoka mahali pengi. Yaya yake anayeendesha moto alitoa akiba yake. Mama alitoa zamu yake ya likelemba. Shangazi alikopa kazini. Kwa hiyo binti alipotoka katika kituo na kupiga simu, hakuna aliyeuliza kwa kupitisha wakati tu.

"Ilikuwa nguvu sana, yaya," alisema.

Yaya alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi pesa imekwenda?" Mama alichukua simu akasema wasimsumbue mtoto, Mungu anajua. Shangazi, aliyekuwa karibu naye Nairobi, aliona jambo lingine: kama ulikuwa mgumu, ajiandikishe tena haraka kabla bei haijapanda. Neno lilikuwa moja tu, nalo lilimhuzunisha yaya, likamfanya mama amwachie Mungu, na shangazi akaanza kutafuta deni jipya. Na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amejua kitu kuhusu matokeo.

Mtihani huo wa daraja la kwanza una maswali 180. Umegawanywa mara mbili, maswali 90 asubuhi na maswali 90 baada ya mapumziko, na kila sehemu inachukua saa mbili na dakika 15. Ukigawa, kila swali lina sekunde 90. Kila swali lina majibu matatu, na jibu la kweli ni moja. Anayejibu vibaya hakatwi alama, ndiyo maana watu wanashauriwa wasiache swali hata moja wazi.

Chukua mtu ambaye ana uhakika na maswali 90 tu, na hayo yote ameyapata. Maswali 90 mengine hayajui kabisa, anachagua kwa kubahatisha. Kwa kuwa majibu ni matatu, kwa wastani atapata 30 kati ya hayo. Jumla ni 120 kwa 180, yaani karibu 67 kwa mia. Sasa chukua mwingine mwenye uhakika na maswali 90 vilevile, lakini katika yale mengine anajua angalau kufuta jibu moja la uongo kila mara. Huyo anabahatisha kati ya mawili, na kwa wastani anapata 45. Jumla yake ni 135, yaani 75 kwa mia. Wote wawili watatoka nje na kusema kwamba nusu ya mtihani hawakuijua, na watakuwa wanasema kweli. Lakini wametofautiana alama 15, na hakuna aliye karibu na sifuri.

Ndiyo maana mtu anaweza kutoka na moyo mzito na bado akafaulu. Kichwa hakibebi maswali yaliyokwenda vizuri. Swali ulilolijua unalijibu kwa sekunde 40 na kulisahau. Swali lililokutesa dakika nne linakufuata mpaka ndani ya matatu.

Kinyume chake pia ni kweli, na hicho ndicho kinachodanganya zaidi. Wanaotunga mitihani ya kuchagua majibu wanajua makosa ambayo watu wanafanya, na kosa lenyewe linawekwa kati ya majibu. Huu ni mfano wa kawaida tu, haukutoka katika mtihani wowote. Mama anaweka dola 100 kila mwanzo wa mwaka katika kikundi cha akiba, miaka mitatu, faida ikiwa 10 kwa mia kwa mwaka. Mwisho wa mwaka wa tatu atakuwa na dola 364 na senti 10. Lakini mtu akisahau kwamba anaweka mwanzo wa mwaka, akahesabu kana kwamba anaweka mwisho wa mwaka, anapata dola 331. Kama 331 imeandikwa pale, anaichagua kwa furaha na kwenda mbele. Atatoka nje na kusema swali hilo lilikuwa jepesi.

Kwa hiyo "jepesi" la mtu aliyeharakisha lina hatari kuliko "ngumu" la mtu aliyesoma swali mara mbili.

Wengine wanatafuta jibu katika hesabu ya waliofaulu. Kwa daraja hilo la kwanza, mwezi wa saba 2021 walifaulu 22 kwa mia tu. Mwezi wa pili 2024 walifaulu 44 kwa mia. Anayesoma namba hizo haraka atasema mtihani wa 2021 ulikuwa mgumu mara mbili. Lakini mwaka ule wengi walikuwa wameahirishiwa mtihani kwa sababu ya Korona. Waliosoma wakangoja, wakasahau, wakasoma tena. Namba ya waliofaulu inaeleza pia watu walioingia na hali waliyokuwa nayo. Haielezi karatasi peke yake.

Tena hapa kuna tofauti kubwa na Exetat. Katika Exetat kila mtu anajua mstari: 50 kwa mia. Katika CFA haitangazwi ni majibu mangapi kwa mia yanayotosha kufaulu. Wataalamu wanapitia maswali na kupima mtu mwenye kiwango cha chini kinachokubalika angejibu mangapi, kisha uongozi unaweka mstari. Toleo lenye maswali magumu zaidi halipimwi kwa mstari uleule wa toleo jepesi. Maana yake ni kwamba hata kama karatasi ya siku ile ilikuwa ngumu kwa wote, ugumu huo ulikwisha kuwekwa katika hesabu. Kujilinganisha na nani aliona nini kwenye mlango wa kituo hakusaidii.

Na zaidi ya hayo, kuna kitu ambacho mtahiniwa haruhusiwi kukisema. Kanuni za CFA zinamkataza kusimulia maswali aliyoyaona, hata kutaja ni jambo gani liliulizwa na lipi halikuulizwa. Anaweza kutoa maoni yake kwamba mtihani ulikuwa mrefu au mgumu, lakini yaliyomo anayaacha ndani. Maadili ya kazi ni sehemu kubwa ya mtihani wenyewe, kati ya 15 na 20 kwa mia ya maswali ya daraja la kwanza. Kwa hiyo anayetoka na kuanza kuuza maswali kwa simu ameanguka somo hilo hata kabla ya matokeo.

Binti huyu hakusimulia maswali. Usiku ule, baada ya kula, alichukua daftari na kuandika kitu kingine: ugumu wake ulitoka wapi. Alipomaliza, neno "nguvu" lilikuwa limegawanyika mara nne.

La kwanza lilikuwa lugha. Amesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, na mtihani ni kwa Kiingereza. Maswali ya hesabu hayakumsumbua sana. Yale yenye aya ndefu aliyasoma mara mbili, mara tatu, na sekunde 90 zikaisha akiwa bado anatafuta maana.

La pili lilikuwa uhasibu. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na uhasibu unaofundishwa Goma ni SYSCOHADA. Mtihani unafuata kanuni za kimataifa, IFRS, pamoja na zile za Marekani. Mambo mengine yanafanana, lakini mkono uliozoea kuandika mizania namna moja unachelewa ukiikuta imepangwa namna nyingine.

La tatu lilikuwa mwendo. Katika sehemu ya kwanza alibaki na maswali kumi na dakika nne. Aliyajaza bila kuyasoma. Katika sehemu ya pili alimaliza na dakika sita mkononi, kwa sababu alikuwa amejifunza kuruka.

La nne hakutaka kuliandika, lakini aliliandika. Siku mbili kabla ya mtihani mama yake alimpigia kwamba mwenye nyumba anataka chumba chake. Alisoma usiku huo akiwa na simu mapajani.

Alipompigia yaya tena kesho yake, hakusema tena kwamba ilikuwa nguvu. Alisema: "Yaya, hesabu niliziweza. Kiingereza ndicho kilinichelewesha. Sijui kama nimefaulu, na hakuna anayejua mpaka matokeo yatoke." Yaya alijibu kwamba sasa ameelewa, na akauliza Kiingereza kinajifunzwa kwa pesa ngapi. Lilikuwa swali zuri kuliko lile la jana, kwa sababu lina jibu.

Jambo la shangazi nalo lilipata jibu. Kanuni haziruhusu aliyeanguka kurudi katika kipindi kinachofuata mara moja. Mtu anafanya daraja moja si zaidi ya mara mbili kwa mwaka, na si zaidi ya mara sita katika maisha yake. Kwa hiyo kukimbilia kulipa kwa sababu ya hofu ya siku moja hakumletei faida. Na akifaulu, bado pesa itatafutwa, maana kuna daraja la pili. Matokeo yoyote yatakayotoka yatakuwa na bei yake, na bei hiyo hawaijui bado.

Wengi wanaosikiliza redio wako katika hali kama hiyo, hata kama mtihani wao si wa CFA. Kuna waliofanya Exetat mbali na shule yao, kuna wanaotafuta cheti cha uhasibu Kigali au Kampala, kuna wanaofanya majaribio ya kazi katika mashirika ya misaada. Wakitoka, ndugu waliotoa pesa wanataka kujua. Kuwaambia "nguvu" peke yake ni kuwaachia mzigo wasioweza kuufungua. Kuwaambia ni muda, ni lugha, ni somo fulani au ni uchovu, ni kuwapa kitu cha kufanyia kazi. Na hayo yaandikwe siku ileile, kwa sababu baada ya wiki moja mtu anakumbuka uchungu tu, na baada ya matokeo kila mmoja anasema alijua.

Familia hii imekubaliana isilipe chochote mpaka matokeo, ambayo huchukua wiki kadhaa. Zamu ya likelemba inayokuja haitakwenda Nairobi. Itaenda kwa minervali ya mdogo wao aliye mwaka wa sita wa sekondari, na sehemu kidogo kwa mwenye nyumba. Binti naye anaamka asubuhi, anasoma kurasa za biashara za gazeti la Kiingereza la jirani wa shangazi, akiwa na saa mezani. Kila habari anaipa sekunde 90, kisha anafunga gazeti na kuandika alichoelewa.