Siku Yetu Moja Katika Mji wa Mbala

Wako watu wengi wa kwetu Ufipa wazijuao habari za Dar es Salaam, na hata za ng'ambo ya bahari, lakini mji wa Mbala katika nchi ya Zambia, ulio jirani yetu upande wa kusini, hawajaukanyaga. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, na umri wangu umekwisha pita miaka arobaini. Basi nataka kuwapa habari za siku tuliyokwenda kuutazama, mimi na mke wangu, na za jambo lililotupata huko.

Gari halikuwa letu. Shemeji yangu alituazima kwa siku moja, akatuandikia na barua ya kuvukia mpaka, akasema, "Shemeji, kesho alfajiri nitampeleka mama hospitali. Gari na lilale hapa kwangu." Nikamwahidi. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitoa jasho jioni, kama mtakavyosikia.

Tulitoka Sumbawanga kabla ya jua kuchomoza, baridi ikiuma na umande ukiwa mweupe juu ya majani. Tukapita Matai, kisha tukaishika njia ya Kasesya, mpakani. Huku na huku tuliona mashamba yenye matuta ya mviringo, yale ambayo wazee wetu huyafukia majani ndani yake ili yaoze na kuirutubisha ardhi. Tulipovuka mpaka tukayaona matuta hayo hayo, kwa kuwa Wamambwe nao hulima vivyo hivyo. Mke wangu akacheka, akasema, "Baba, mbona tumeambiwa hii ni nchi ya kigeni?"

Katika ofisi ya Zambia tulipigiwa mihuri hati zetu. Juu ya ukuta niliona saa inayosema saa tatu, nami nilijua ya kuwa ni saa nne. Nikadhani imelala, nisiulize neno. Huo ulikuwa mwanzo wa kosa langu.

Kuendesha gari hakukunisumbua, maana Zambia magari hushika upande wa kushoto kama kwetu. Si kama Bujumbura au Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako hushika upande wa kuume. Mbala ni mji wa juu, wenye miti mingi na hewa baridi kama ya Sumbawanga. Zamani uliitwa Abercorn, kwa jina la Duke mmoja wa Uingereza aliyekuwa mkuu wa kampuni iliyoitawala nchi ile.

Mji huu una habari kubwa ya vita. Vita vya kwanza vya dunia vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Lakini Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake walikuwa wangali wakipigana katika nchi hii, na habari ikamfikia siku chache baadaye, karibu na mto Chambeshi. Tarehe 25 Novemba akaja Abercorn, akaweka silaha chini. Watu husema kwamba bunduki nyingi zilitupwa katika ziwa dogo la Chila, lililo kando ya mji. Nami nilipokuwa nikitembea pale niliwakumbuka wapagazi, watu wetu maelfu kwa maelfu, waliokufa kwa njaa, maradhi na mizigo katika vita ambavyo havikuwa vyao.

Kisha tukaenda kwenye makumbusho yaitwayo Moto Moto. Jina hili lilikuwa la utani la Askofu Joseph Dupont wa Mapadre Weupe, aliyefika kwa Wabemba katika miaka ya 1890. Yasemekana alikuwa akiomba moto kila mara kwa ajili ya kiko chake, na watu wakamwita hivyo. Vitu vilivyomo vilianza kukusanywa na Padre Jean-Jacques Corbeil, mtu wa Kanada. Kuna ngoma, mikuki, majembe, vyombo vya wahunzi, na vitu vya udongo viitwavyo mbusa. Kwa mbusa kina mama wa Kibemba humfundisha mwari mambo ya unyumba. Kila kimoja kina wimbo wake na maana yake, cha kumpikia mume, cha kulea, cha kutunza siri ya nyumba. Mke wangu alisimama pale muda mrefu. Nikamwuliza anafikiri nini. Akasema, "Natafuta kile kinachomfundisha mume kusikiliza." Nikacheka, nikadhani ni mzaha tu.

Tukala ugali, ambao wenyewe huuita nshima, pamoja na dagaa wa ziwani, ambao huko huitwa kapenta. Tulipomaliza nikatazama simu yangu, ikasema saa tisa. Nikasema, "Twende ziwa Chila. Mlango wa mpakani kwetu hufungwa saa kumi na mbili. Tuna nafasi tele." Mke wangu akatazama saa yake ya mkononi, akasema, "Yangu inasema saa kumi." Nikamjibu, "Saa yako imezeeka, Mama. Simu haikosei." Akasema kwa upole, "Saa hii sikuigusa tangu tulipotoka nyumbani. Kilichobadilika ni simu yako." Sikumsikiliza.

Tukaenda ziwani, tukakaa, tukatazama maji. Katika kurudi nikapotea njia. Nilipita barabara moja mara tatu, nikaona haya kuuliza, kana kwamba kila mtu angejua kuwa mimi ni mgeni. Hata mke wangu akasema, "Simamisha gari." Akashuka, akamwendea bibi mmoja aliyekuwa akiuza maharage, akamsalimu kwa magoti kama desturi ya kwetu. Alisema Kifipa, yule bibi akajibu Kimambwe, wakaelewana kama mtu na dada yake, maana lugha hizi ni ndugu. Bibi akatuonyesha njia, kisha akauliza, "Mnarudi Tanzania leo? Basi fanyeni haraka. Ninyi wa upande ule hamkumbuki kamwe kwamba saa yenu imetangulia yetu."

Ndipo nilipofahamu. Simu ilikuwa imejigeuza yenyewe ilipoingia Zambia. Haikusema uongo, ilisema kweli ya Mbala. Mimi ndimi niliyekuwa nikiuhesabu mlango wa nyumbani kwa saa ya ugenini. Simu ilisema saa kumi na robo, na kwetu ilikuwa saa kumi na moja na robo.

Njia nzima hatukusema neno. Nilimfikiri mama mkwe, na shemeji akingoja uani. Tulipofika, askari wetu alikuwa ameshika mnyororo mkononi. Akatutazama, akatikisa kichwa, akatupisha. Tulipofika Sumbawanga usiku nikampa shemeji funguo, na alfajiri mama akapelekwa hospitali.

Baadaye nilijifunza sababu ya jambo hili. Sumbawanga na Mbala hupata jua karibu wakati mmoja. Lakini Tanzania hufuata saa moja na nchi za mashariki hata pwani, na Zambia hufuata saa moja na nchi za kusini. Ndiyo maana kwetu Ufipa jua husimama katikati ya mbingu karibu saa saba, wala si saa sita. Jua halijui mpaka. Mpaka ni wetu sisi wanadamu.

Wazee walisema kuuliza si ujinga, nami nimeyarudia maneno hayo mbele ya vijana mara nyingi. Siku ile nilikuwa na watu wawili wa kuniongoza, saa ya ukutani na mke wangu, nikawadharau wote wawili. Ninyi mtakaokwenda Mbala, nendeni, ni mji mzuri wenye watu wapole. Lakini mkivuka Kasesya, ulizeni saa. Na kama mke wako amekwisha kukuambia saa, huna haja ya kumwuliza mwingine.