Kipimo kilisema neva ni nzima

Nimekuwa kimya kwa muda, na wale wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata wanivumilie kidogo, itakuja. Leo naandika kuhusu dada yangu mkubwa, na ameniruhusu.

Mwaka wa 2022 dada alishika sufuria ya moto jikoni kwa mkono mtupu, na hakusikia kitu mpaka aliponusa ngozi yake ikiungua. Usiku huohuo nyayo zilimwaka kama aliyekanyaga makaa, hata shuka hakutaka imguse. Jiko halikumchoma, kitanda kikamchoma! Mimi sikuelewa.

Alikuwa ametoka kumaliza miezi 6 ya dawa za TB. Picha ya kifua ilikuwa imeonyesha tezi zilizovimba na madoa mapafuni. Makohozi hayakuwa na kijidudu chochote, lakini hapa kwetu ukikohoa na kukonda TB ndiyo hufikiriwa kwanza, na silaumu mtu kwa hilo. Nyayo zilipoanza kuwaka, lawama ikaangukia isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, ambayo kweli huweza kudhuru neva kwa kuupunguzia mwili vitamini B6. Akaongezewa B6. Dozi ikaisha, moto ukazidi.

Baadaye kipande cha tezi kilikatwa na kupimwa, na jibu likawa sarkoidosisi. Katika ugonjwa huu chembe za kinga hujikusanya na kuwa vinundu vidogo viitwavyo granuloma, na chanzo chake hasa hakijulikani. TB nayo hutengeneza granuloma, ila zake mara nyingi huwa zimekufa katikati. Za dada hazikuwa hivyo. Hupenda mapafu na tezi, lakini zaweza kuota popote, hata ndani ya ala inayofunika neva, zikaibana. Mishipa midogo ya damu inayoilisha neva ikishika uvimbe, neva hukosa oksijeni. Tena kuna kemikali za kinga zenyewe, kama ile inayoitwa TNF, zinazodhaniwa kuumiza nyuzi za neva hata mahali pasipo na granuloma.

Basi akapelekwa kupimwa neva kwa umeme. Unatiwa mshtuko mdogo mguuni, mashine inapima ishara inasafiri kwa kasi gani. Majibu: kila kitu sawa. Daktari mmoja akamwambia ni mawazo tu, apumzike. Dada alilia kwenye matatu njia nzima.

Hapo ndipo nilipokasirika nikaanza kusoma usiku. Neva moja ni kama kebo yenye nyaya nyingi. Nyaya nene zina ganda la mafuta, hupeleka ishara kwa mita 40 hadi 60 kwa sekunde, na hubeba habari za mguso na mtetemo. Nyembamba kabisa hazina ganda, huenda kama mita 1 tu kwa sekunde, na pamoja na nyingine zenye ganda jembamba ndizo hubeba joto, baridi na maumivu. Mashine ile husikia zile nene tu! Wenzangu wa seva mnaijua hali hii: unapiga ping, seva inajibu vizuri, kumbe huduma yenyewe ilikufa tangu jana. Na katika sarkoidosisi, zile nyembamba ndizo huumia mara nyingi. Kwa kuwa ndizo pia huongoza jasho na mapigo ya moyo, nikaelewa kwa nini alikuwa akisimama anaona kizunguzungu.

Kipimo kinachofaa ni kipande cha ngozi cha milimita 3, juu kidogo ya kifundo cha mguu, kisha nyuzi zinahesabiwa kwa hadubini. Kupata mahali pa kufanyiwa kulituchukua miezi 4. Za dada zilikuwa chache mno.

Prednisoloni ilimsafisha mapafu, lakini nyayo hazikubadilika sana, na daktari wake wa sasa alituambia mapema kwamba hutokea hivyo. (Tafadhali, hizo si dawa za kujinunulia dukani: kama kumbe ni TB, zinaweza kuifanya isambae.) Sasa anatumia dawa ya kutuliza neva, na usiku analala kama saa 5.

Maji ya kuoga anamwita mwanawe ayaguse kwanza.