Taja saa, usitaje wimbo

Mpenzi msomaji, iwapo hujawahi kulala Nakuru, njoo nami jioni moja ya Jumamosi. Tuteremke garini katika Barabara ya Kenyatta jua likielekea kuzama. Kaskazini unauona mgongo wa Menengai, kusini liko ziwa, na mji umejibana katikati, kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Reli ilipofika hapa mwaka 1900 palikuwa mbuga. Tarehe 1 Desemba 2021 mji huu ulipewa rasmi hadhi ya jiji, ukawa wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Wageni wengi huja Nakuru kutumia macho: watazame flamingo, vifaru na shimo la Menengai. Leo ninakuomba utumie masikio.

Tupande matatu ya kwenda Kaptembwo. Kabla hujakalia kiti, muziki umekwisha kukugonga kifuani. Abiria wamenyamaza kimya, si kwa adabu, bali kwa sababu hakuna awezaye kumsikia mwenzake. Ukiteremka, kinyozi ameweka spika mlangoni, zikielekezwa barabarani. Mwenye baa iliyo mkabala naye hakubali kushindwa. Hatua chache mbele, kanisa la mabati linajiandaa kwa kesha na fundi anajaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Kila mmoja ameongeza sauti kwa sababu mwenzake ameongeza.

Sasa ingia ndani ya lango la ploti. Vyumba vimepangwa mistari miwili, mlango unatazama mlango, na katikati kuna mfereji mmoja na kamba za nguo. Inua macho utazame ule ukuta unaotenganisha chumba na chumba. Katika ploti nyingi za aina hii ukuta huo haufiki kwenye mabati. Umeachwa wazi juu, na pengine umefunikwa kwa dari nyepesi inayopita juu ya vyumba vyote. Kwa hivyo jirani akikaanga vitunguu, harufu ni yako pia. Akikohoa, wamwambia pole. Akiwasha wufa yake, msomaji, hapo ndipo taabu inapoanza.

Wufa ni kitu cha ajabu. Sauti nyembamba, kama ya filimbi au ya mwimbaji wa kike, hupungua nguvu haraka ikikutana na ukuta. Sauti nene ya besi na ngoma haizuiliki vivyo hivyo. Hulitikisa jiwe lenyewe na kutokea upande wa pili. Ndiyo maana mwenye wufa husikia wimbo mtamu wenye maneno na gitaa, ilhali wewe uliye nyuma ya ukuta husikia du, du, du peke yake, hata vikombe kabatini vinatetemeka. Yeye anaburudika na haelewi umekasirishwa na nini. Hamsikii kitu kimoja.

Ongeza hapo baridi ya Bonde la Ufa. Usiku ukiwa mtulivu na mbingu iwe wazi, ardhi hupoa upesi, na hewa iliyo karibu na ardhi huwa baridi kuliko iliyo juu yake. Katika hali hiyo sauti ambayo mchana ingepaa na kupotea hupindwa na kurudishwa chini. Kwa hivyo usidhani unaota unaposikia saa sita za usiku ngoma ya mtaa ambao mchana huusikii kabisa.

Niliwahi kuishi katika ploti kama hiyo, na nilifanya kosa ambalo nataka kukuepusha nalo. Jirani yangu wa ukutani alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mdogo, na kila mwisho wa wiki alipiga nyimbo za lugha ya kwao hadi usiku wa manane. Nilivumilia Jumamosi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne, saa saba usiku, nilitoka nimejifunga shuka na kuugonga mlango wake kwa ngumi. Alipofungua nikamwambia, “Punguza hizo nyimbo zenu! Watu wanalala!”

Alipunguza mara moja. Nilirudi kitandani nikijiona shujaa. Asubuhi nilimsalimu kwenye mfereji, hakuitikia. Mkewe pia hakuitikia. Kufikia jioni nilikuwa nimegundua kwamba hata jamaa wa vyumba vingine viwili, ambao hawakuwa na wufa wala ugomvi nami, walikuwa wakinipita kama mtu asiyekuwapo.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mzee wa chumba cha karibu na lango, aliyekuwa ameishi humo kuliko sisi sote. “Kijana,” akaniambia, “umesema nyimbo zenu. Zenu na nani? Hapa Nakuru tunataja saa, hatutaji wimbo.”

Mimi nilikuwa na usingizi tu akilini. Wao walisikia kabila.

Ili uelewe uzito wa neno hilo dogo, kumbuka Nakuru ni mji wa namna gani. Reli, mashamba ya walowezi na viwanda viliwavuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti nzima. Ploti moja ya vyumba kumi na viwili huweza kuwa na lugha tano au sita. Ukipita uani Jumapili mchana, chumba hiki kinapiga mugithi, kile benga, cha tatu nyimbo za Kikalenjin, cha nne ohangla, na kwa vijana wa mwisho ni gengetone. Kwa hivyo huhitaji kuuliza mtu ametoka wapi. Wimbo umekwisha kukuambia.

Kwa kawaida hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini mji huu unajua pia kinyume chake. Siku za mwisho za Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika Nakuru, na siku chache baadaye Naivasha. Kaptembwo, Rhonda na Ponda Mali zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa. Watu walifukuzwa kutoka nyumba walizokuwa wakilipia kodi, na wengine waliuawa, kwa sababu ya lugha waliyozungumza. Nchini kote zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha. Mkataba wa kitaifa ulitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari 2008, lakini wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin walihitaji mazungumzo yao wenyewe, ya miezi na miezi, hata wakatia saini mkataba wa amani wa Kaunti ya Nakuru mwaka 2012.

Wazee walipatana, na huko kwenye ploti watu waliendelea kuishi ukuta kwa ukuta, kila mtu na kumbukumbu yake. Mama yule alikuwapo. Ndiyo sababu aliijua tofauti kati ya “punguza sauti, ni saa saba” na “punguza nyimbo zenu”. La kwanza humwambia jirani kwamba amekosea saa. La pili humwambia kwamba hapa si kwao.

Basi nilifanya nini? Nilisubiri Jumapili iliyofuata, saa kumi za jioni, tukiwa wote tumeshiba na jua bado liko juu. Nilibisha hodi polepole. Nilianza kwa kuomba radhi kwa neno langu, kisha nikamweleza kwamba mimi huamka saa kumi alfajiri kwenda kazini na usingizi wangu ni wa kuhesabu. Sikuutaja wimbo. Yeye naye akashangaa kweli kweli. Hakujua kwamba sauti inapita kiasi hicho. Tukafanya jaribio: akawasha wufa kama kawaida yake, akaja kusimama chumbani kwangu. Alitazama vikombe vyangu vikicheza, akacheka, akajishika kichwa.

Dawa haikugharimu chochote. Tuliiondoa wufa kwenye ukuta tulioshiriki, tukaihamishia upande wa mlango, na chini yake tukaweka kipande cha godoro kuukuu ili isitikise sakafu. Kisha mkewe akaleta rangi ya kucha, tukatia alama nyekundu kwenye kitufe cha sauti. Ikifika saa tatu usiku, mwisho wa sauti ni hapo penye nyekundu.

Kabla sijaondoka mkewe akasema, kwa upole, kwamba mimi nami nina redio. Kila alfajiri ninapokoroga chai naiwasha nisikilize habari, na mtoto wao huamka akilia. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Nikanunua kisikizi cha sikioni.

Huenda ukauliza, je, sheria haipo? Ipo, tena ni kali kuliko watu wengi wanavyodhani. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Katika makazi ya watu, kipimo cha juu cha kelele usiku ni desibeli 35. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama desibeli 60. Atakayepatikana na hatia aweza kutozwa faini isiyozidi Sh350,000 au kifungwe kisichozidi miezi 18, au vyote viwili. Katiba ya 2010 nayo imezipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele, na malalamiko hupokewa na ofisi za kaunti pamoja na mamlaka ya mazingira, NEMA.

Sheria hiyo itumie pale inapostahili. Baa, klabu au kanisa lenye spika sita si jirani wa kutiliwa alama ya rangi ya kucha. Hapo wakazi waandike barua pamoja, watie saini, wataje tarehe na saa za kila kelele kwa wiki mbili au tatu, na wapeleke nakala kwa chifu, kwa kaunti na kwa NEMA. Barua ya watu ishirini haitupwi upesi kama ya mmoja. Mnamo Novemba 2022 Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba haitatoa wala kuhuisha leseni za klabu za usiku zilizo katika mitaa ya makazi, baada ya wakazi kulalamika kwa muda mrefu.

Lakini kwa jirani wa ukutani, anza na mlango wake. Ikishindikana, mwendee keateka au mwenye ploti, kisha mzee wa mtaa au wa nyumba kumi. Polisi wawe wa mwisho. Ukianza na wao, kelele zitakoma usiku huo, lakini kesho asubuhi bado mtachota maji kwenye mfereji mmoja.

Nanyi wanafunzi mnaopanga vyumba nje ya lango la Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, au kwingineko, msidhani habari hii ni ya wazee. Jirani yako ana mtihani Jumatatu. Na anayelala saa sita za mchana huenda si mvivu. Ni mlinzi, ni muuguzi wa zamu ya usiku. Saa ya kupumzika si moja kwa watu wote, na ndiyo sababu ya kuuliza.

Mkiwa huko, mwendee pia bwana aliyeanzisha shule ya kilimo iliyokuja kuwa chuo hicho mwaka 1939, Lord Egerton. Kasri lake liko nje kidogo ya mji wa Nakuru, huko Ngata. Lina vyumba 52 na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Bwana huyo hakuoa, na alifariki mwaka 1958. Angeweza kupiga kinanda chake hadi alfajiri na asigongewe na mtu. Mimi na wewe, msomaji, hatuna vyumba 52. Tuna kimoja, na ukuta usiofika juu. Lakini usiku ule mtoto wangu aliposhikwa na homa ghafla, ni jirani mwenye wufa aliyeamka wa kwanza, kwa sababu sauti ile ile ya kilio ilipita juu ya ukuta ule ule. Ndiye aliyekimbia kutafuta gari.

Leo ni Jumapili. Iwapo jana usiku hukulala, jirani yako huenda yuko nyumbani sasa hivi, amekula, hana haraka, na bado ni mchana. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Vaa viatu, ukabishe hodi. Anza kwa salamu, mwambie saa unayoamka, na wimbo wake mwachie mwenyewe.